Upepo unatulia, joto linapanda: nivune ngege sasa au nisubiri?

Hamjambo wenzangu. Nina vizimba vinne vya kufugia ngege (tilapia) ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Dunga, hapa Kisumu. Utabiri niliousikia redioni unasema upepo wa usiku, ule unaotoka nchi kavu kuelekea ziwani, utapungua, na joto litaendelea kupanda hadi wiki ijayo. Wauza omena (dagaa) wanashangilia, maana itakauka upesi. Mimi nimekosa usingizi.

Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, hilo tunalijua. Upepo ukikosa kuyakoroga, yale ya chini yanabaki mazito bila hewa, kisha siku upepo ukirudi ghafla yanapanda juu na kuua samaki. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wengi wa huku walipoteza samaki kwa tani. Mimi nilipoteza kizimba kizima, na mkopo bado nalipa.

Sasa samaki wangu wana takriban gramu 300. Mnunuzi anataka wa 400, kwa hiyo nikivuna leo bei itaniumiza. Tayari nimepunguza chakula, nalisha asubuhi jua likishachomoza tu. Jirani ananiambia nivute vizimba hadi kwenye kina zaidi, lakini nanga zangu ni mawe kwenye magunia (msinicheke), na gugumaji limeanza kujazana ukingoni.

Waliowahi kuhamisha vizimba vyenye samaki wakubwa, mlifanyaje bila kuwaumiza? Au nivune nusu, nipunguze msongamano? Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi.