Mihadhara ya wazi na sanaa kuhusu historia ya watu weusi: hapa Dodoma tunaanzaje?

msomi_dom
Habari za jioni wakuu. Nasoma historia kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, naombeni mawazo. Nimekuwa nafuatilia vyuo vya Marekani vyenye idara za masomo ya watu weusi, yaani wale hawaishii darasani, wanaita mtu atoe mhadhara jioni, mlango wazi, mama wa mtaani anaingia bure anakaa na profesa, na hapohapo kuna picha ukutani, kuna mashairi, kuna muziki. Kwetu mihadhara ipo ila mgeni rasmi anasoma karatasi ya Kiingereza, tunapiga makofi tunatawanyika, watu wa mjini hawajui hata kama kulikuwa na kitu. Mimi na wenzangu tunataka tuanzishe ya kwetu, hela hatuna ukiacha bumu. Tuanze na mada gani na wapi?

MzeewaKizota
Kijana swali zuri sana. Ila ujue kwanza kile kitu kilitoka wapi, wakuu wa vyuo hawakukitoa kwa hiari. Chuo cha San Francisco State kule Marekani wanafunzi waligoma kuanzia Novemba 1968 mpaka Machi 1969, wakidai idara ya masomo ya watu weusi na nafasi zaidi kwa vijana wa kwao, polisi wakawapiga wakawakamata, na watu wa mitaani wakatoka kusimama nao. Chuo cha Cornell nao wakapata kituo chao cha masomo hayo 1969, na 1972 wakafungua bweni wakaliita Ujamaa, ujue Nyerere alikuwa anasomwa huko. Ndo maana mimi naona ule mlango wazi ni deni, wanawalipa watu wa mtaa waliowabeba. Kwahiyo msianze na ukumbi wa chuo, shukeni mjini, na kiwe Kiswahili mwanzo mwisho.

binti_kongwa
Mada mnayo nyumbani jamani!! Kongwa ni hapo tu. Kuanzia 1964 wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na wengine walikuwa na makambi pale, eneo lilelile Waingereza walikoshindwa na mradi wao wa karanga. Mtu ametoka Johannesburg huko anakuja kuishi kwenye vumbi la Kongwa miaka, anajifunza Kiswahili, anazoeana na majirani, hajui kama atarudi kwao. Mimi nimekulia huko, wazee wetu wanayo mengi na wengi wanaondoka bila mtu kuwauliza chochote, hii inaniuma sana. Mhadhara wa kwanza uwe huo, na msimwite profesa peke yake, mkalisheni na mzee wa Kongwa, mmoja aeleze nyaraka zinasemaje mwingine aeleze alichokiona, na wakipingana waacheni wapingane mbele ya watu.

Halafu Marekani mnaiunganisha kwenye mhadhara wa pili. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, kafundisha Chuo Kikuu cha Dar mpaka 1974, na Juni mwaka huohuo Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika, yaani wa umoja wa watu weusi wa Afrika na ng'ambo, ukakaa palepale chuoni, wa kwanza kati ya mikutano hiyo kufanyika kwenye ardhi ya Afrika, na Wamarekani weusi walikuja wengi tu.

mchoraji_wa_kati
Naongezea upande wa sanaa maana hapo ndo huwa panaharibika, tunaitwa kutumbuiza wakati mgeni rasmi hajafika, akifika tunaambiwa tumalizie. Chicago 1967 wachoraji weusi walichukua ukuta wa jengo la mtaani kule South Side wakachora watu wao, wanamuziki, waandishi, wanamichezo, na watu wakawa wanakusanyika pale wanasoma mashairi wanapiga jazi, hakuna tiketi. Jengo lilikuja kubomolewa lakini miji mingine ilishaiga. Sasa hapa Dom kuta zimejaa, ombeni moja ya shule au karibu na soko, tuwachore wale wa Kongwa, mhadhara ufanyike mbele ya ukuta wenyewe.

Na muheme msiache. Ile ngoma ya akina mama wa Kigogo hata mtu anayewahi stendi atasimama. Marehemu Hukwe Zawose katoka mkoa huuhuu na ala zake za zeze na ilimba zikamfikisha Ulaya, na Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo, vikundi mtavipata. Ila walipeni, hata kama ni kidogo, na mkubaliane kabla.

Neema_Area_C
Kibali muone afisa utamaduni wa jiji mapema. Nyerere Square panafaa, anzeni saa kumi ili watu wa mbali wapate daladala za kurudi. Na maswali yapewe muda mrefu kuliko hotuba tafadhali.

msomi_dom
Asanteni sana, nimewasomea wenzangu wote wamekubali, tunaanza na Kongwa. @binti_kongwa naomba nikucheki inbox, nataka tuje kuongea na wazee kwanza tuwasikilize kabla ya kuwaalika. @mchoraji_wa_kati rangi ya ukuta wa kama mita kumi itakuwa shingapi?

mchoraji_wa_kati
Inategemea kama umepigwa plasta. Nitumie picha ya ukuta, na uniambie jua la jioni linapiga upande gani.

binti_kongwa
Njoo inbox. Mkija njooni asubuhi, mchana wazee wanapumzika.