Kukarabati jiko la nyumba ya zamani Tanga: nichague mtindo upi?

Bi Chumbageni

Asalaam aleikum, na habari za leo kwa wote. Tunakarabati nyumba ya wazazi hapa Tanga, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa matofali ya saruji ya inchi 6, na sehemu iliyobaki ni jiko. Lina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 3.6, dirisha moja linaloangalia uani, sinki la zege, na rafu za mbao ambazo mchwa wamekwisha kuzila. Bahari iko karibu kiasi kwamba kila chuma cha nyumba hii huota kutu.

Katika kutafuta mawazo nimeona kwamba mitindo mitatu ndiyo inayopendwa zaidi siku hizi. Wa kwanza ni ule wa kisasa wenye milango bapa inayong'aa, isiyo na vishikio, nyeupe au ya kijivu, na huo ndio mume wangu anaoutaka. Wa pili ni ule unaoitwa Shaker, ambao mlango wake una fremu na ubao uliozama katikati. Wa tatu, ninaoupenda mimi, ni wa Kipwani: mbao za rangi yake ya asili, kuta nyeupe na vidaka ukutani kama katika nyumba za Lamu. Tena mume wangu anapendekeza tubomoe ukuta ulio kati ya jiko na sebule ili pawe wazi.

Nyumbani tuko watu saba na tunapika kila siku, wali wa nazi, samaki na ugali, kwa jiko la gesi la kawaida. Nawaomba wenye uzoefu mnishauri: ni mtindo upi utakaofaa mapishi haya na hali ya hewa hii?

Seremala wa Muheza

Waaleikum salaam, dada. Kazi yangu ni mbao, na majiko mengi niliyoyatengeneza yako Tanga mjini na Pangani, kwa hiyo hali unayoieleza naifahamu vizuri. Ningekushauri uamue kwanza kabati lijengwe kwa kitu gani, ndipo uchague sura ya mlango, kwa sababu katika unyevu na chumvi ya bahari mwili wa kabati ndio unaowahi kuharibika, na mitindo yote mitatu inaweza kuvalishwa juu ya mwili uleule.

Milango bapa inayong'aa mara nyingi hutengenezwa kwa MDF, yaani nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na kugandishwa kwa gundi, kisha zikafunikwa kwa ngozi ya plastiki. Hupanguswa kwa urahisi, na mpishi wa kila siku ana haki ya kuipenda kwa hilo. Lakini fungua kabati la chini ya sinki katika jiko la namna hiyo lililokwisha kukaa miaka kadhaa karibu na bahari, utazame pale fundi alipotoboa tundu la bawaba. Ngozi ilikatika, nyuzi zikabaki wazi, unyevu ukaingia taratibu, ubao ukavimba kuzunguka bawaba, skrubu zikalegea na mlango ukaanza kuning'inia. MDF ikishavimba hairudi. Isitoshe, milango isiyo na vishikio mara nyingi hutegemea vibonyezo vyenye springi, na chumvi haizihurumii springi.

Mlango wa Shaker unaifaa Pwani kwa sababu ambayo haionekani kwa nje. Vipande vinne vya fremu huunganishwa kwa ndimi na matundu, na ubao wa katikati huingizwa kwenye mfereji bila kutiwa gundi, ili masika ukitanuka na kiangazi ukisinyaa usiipasue fremu. Jina lake limetokana na jumuiya ya Kikristo iliyohamia Marekani kutoka Uingereza mwaka 1774, ikajulikana kwa samani imara zisizo na nakshi. Ukingo wa ndani wa fremu hukusanya vumbi na mafuta, basi mwambie fundi aulaze kidogo badala ya kuuacha wima, kitambaa kipite bila kukwama.

Kwa mbao, hapa kwetu Muheza tuna mtiki wa shamba la miti la Longuza. Mafuta yake ya asili huwakimbiza mchwa, lakini mafuta hayo yamo kwenye kiini. Ile sehemu nyeupe ya pembeni mchwa huila kama mbao nyingine yoyote, hivyo usiikubali hata ukipunguziwa bei. Bawaba ziwe za chuma kisichoota kutu, na ukipata daraja la 316 usiliache, kwa kuwa limeongezwa molibdeni inayokinza chumvi.

Na mwili wa kabati za chini? Kwa nyumba yako nisingetumia mbao kabisa. Jenga vizimba vya matofali, mimina juu yake bamba la zege, ndani bandika vigae vyeupe, halafu mimi au fundi mwingine tufunge fremu na milango ya mtiki kwa mbele. Mchwa hawana pa kuanzia na maji ya kudeki hayaozeshi kitu. Makabati ya juu peke yake ndiyo yawe ya plaiwudi iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini.

Mchora Ramani

Naunga mkono alichosema fundi kuhusu vizimba vya matofali. Mimi nitazungumzia ukuta na mpangilio, maana umbo la jiko likikosewa hakuna mlango utakaoliokoa.

Jiko hili la makabati yaliyoungana chini ya kaunta moja, ambalo leo tunaliona la kawaida, lilianzia kwa sehemu kubwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926. Aliyelichora ni mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, na chumba chake kilikuwa na mita 1.9 kwa 3.4 tu, yaani kidogo kuliko chako. Alijifunza kutokana na majiko ya mabehewa ya treni, akahesabu hatua za mpishi na kuweka kila kitu karibu na mkono. Nyumba zipatazo 10,000 zilijengwa na jiko hilo. Aliyeongoza mradi wenyewe, Ernst May, alihamia Afrika Mashariki mwaka 1934, akalima kwanza upande wa Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi, na katika miaka ya 1940 akachora mpango wa kuupanua mji wa Kampala. Nayasema haya kwa sababu udogo wa jiko lako ni mali. Jiko la mita 2.7 kwa 3.6 likipangwa kwa umbo la herufi L, sinki chini ya dirisha, jiko la gesi kwenye ukuta wa pili na friji mwishoni, mpishi hatembei zaidi ya hatua chache kati ya hivyo vitatu.

Kuhusu kubomoa ukuta, nakuomba usifanye hivyo kabla fundi wa ujenzi hajapanda darini kuangalia kama ukuta huo haubebi kenchi za paa. Hata kama haubebi, mimi nisingeuondoa. Jiko la wazi linawafaa watu wanaopika kidogo, wenye feni yenye nguvu inayotoa moshi nje ya nyumba. Ninyi mnakaanga samaki kila siku, na mafuta ya kukaanga hayabaki jikoni: huganda kwenye mapazia, kwenye makochi, hata kwenye panga za feni ya sebuleni. Afadhali mtoboe dirisha pana la kupitishia chakula, lenye vibao viwili vya kufunga. Mzee atapata uwazi anaoutaka na sebule itabaki salama.

Jambo moja ambalo picha za mitindo hii yote hulificha ni mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama chini. Kuuweka mtungi ndani ya kabati lililofungwa kila upande, kwa ajili ya kupendezesha jiko, ni hatari kubwa. Uweke nje kwenye kizimba chenye kivuli na upitishe mpira ukutani ndani ya bomba, au kama lazima uwe ndani, kabati liwe na matundu ya kupitisha hewa yaliyo chini kabisa, usawa wa sakafu.

Bi Chumbageni

Nawashukuru sana. Suala la mtungi hatukuwa tumelifikiria kabisa, na la ukuta nadhani limekwisha. Bado nina maswali mawili: vidaka vinawezekana katika kuta zangu, na juu ya kaunta niweke jiwe gani?

Bint Tudor, Mombasa

Dada yangu, vidaka vya Lamu vilichimbwa katika kuta nene za mawe ya matumbawe. Ukuta wako wa inchi 6 ukiuchimba kwa kina cha maana utabaki ganda tu. Ukivipenda, mjengee ukuta wa pili mwembamba mbele yake katika kipande kimoja tu, mbali na moto, uweke mitungi ya viungo na vyombo vya wageni. Vikiwa juu ya karai la mafuta utavisugua kila Ijumaa.

Kwa kaunta, chagua graniti. Marumaru nyeupe inapendeza mno, lakini asidi huila: tone la ndimu au la ukwaju likilala hapo usiku kucha huacha doa lisilong'aa ambalo sabuni haiondoi. Terazo ina saruji na mara nyingi vipande vya marumaru, hivyo nayo hudhurika vivyo hivyo, ingawa kwa sakafu ni nzuri mno.

Kisha usikubali kaunta yote iwe ya urefu mmoja. Vipimo vya dukani ni sentimita 90 hivi, na kwa kukata vitunguu vinatosha, lakini ukisonga ugali wa watu saba sufuria ikiwa juu ya jiko lililo juu ya kaunta hiyo, mabega yatakuuma kabla haujaiva. Kwangu sehemu ya moto imeshushwa, na hapohapo kando ndipo ninaposukumia chapati. Tena acha nafasi tupu sakafuni karibu na mlango wa uani, pa kukalia mbuzi na kukuna nazi.

Seremala wa Muheza

Bi Tudor amesema kweli, na kwa vizimba vya matofali kushusha kaunta hakuongezi gharama ya maana ikiwa mwashi ataambiwa mapema. Dada, asimame anayepika zaidi, akunje kiwiko, mpime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kwa sehemu ya kukatia mpunguze sentimita 10 hadi 15. Kwa sehemu ya moto mpunguze pia urefu wa jiko lenyewe na nusu ya sufuria yenu kubwa. Mpe mwashi vipimo hivyo kabla hajapanga tofali la kwanza, na uniletee mimi upana wa kila kizimba baada ya vigae kubandikwa, si kabla.