Binti yangu kapigwa kosa kwa kuandika "firefighter"

Wakuu, hili limenikaa kooni tangu Jumatano. Nimekasirika, mnivumilie.

Mwanangu yuko darasa la tano hapa Moshi, shule siitaji. Karudi na karatasi ya jaribio la Kiingereza. Swali la 14 linauliza mtu anayezima moto anaitwaje. Kaandika "firefighter", herufi zote mahali pake. Kapigwa kosa, na kalamu nyekundu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Pembeni kaandikiwa kwa herufi kubwa: FIREMAN.

Nikaenda shuleni. Nikamsalimia mwalimu kwa heshima, nikamuuliza mtoto kakosea wapi. "Mzazi, jibu kwenye mwongozo ni fireman." Nikamwambia mama mdogo wa huyu mtoto ni askari wa zimamoto, ndiye aliyemfundisha neno hilo. Akasema hata mwanamke anaitwa hivyohivyo, nimwache mtoto afuate mwongozo.

Sikatai kwamba "fireman" lipo. Liko kwenye kamusi na watu wanalisema mpaka leo. Ninachokataa ni kulifanya jibu pekee. Huko Uingereza kwenyewe, wanawake walipoanza kuajiriwa kwenye vikosi, cheo kikawa "firefighter" kwa wote. Mwaka 2017 kikosi cha London kilipata kamishna wa kwanza mwanamke, Dany Cotton, na mwaka huohuo kikatoka hadharani kuwaomba watu na vyombo vya habari waache kusema "fireman", kwa kuwa wasichana wanalisikia na kuona kazi si yao. Halafu mtoto wa Pasua, hapa Moshi, ananyimwa alama kwa neno ambalo wenye kazi ndilo wanalojiita!

Na kuna hili ambalo mwongozo haukumwambia mwalimu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa reli, enzi za treni za mvuke, njia hii ya Tanga hadi Arusha. Kwa Kiingereza cheo chake kilikuwa "fireman". Hakuzima moto hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuuchochea, analilisha tanuru la injini ili maji yachemke na mvuke usishuke, dereva apate nguvu ya kupanda mlima. Mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu ya cheche kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa nayahesabu kwa kidole akiwa amelala. Kwa hiyo neno hilo la mwongozo lina maana mbili zinazopingana, mwasha moto na mzima moto, na binti yangu kaandika lile lisilochanganya mtu. Ndiye aliyekosa?

Kiswahili chetu hakina shida hii. Zimamoto ni zimamoto, awe mume awe mke. Mtaani tunasema "faya wamefika" na hakuna anayeuliza nani kavaa ile kofia.

Oktoba 2020 mlima Kilimanjaro ulipowaka, tulikuwa tunatoka uani usiku kutazama mstari mwekundu kule juu. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, nimembeba begani. Alianza hapo kusema akikua atakuwa faya kama mama mdogo. Hajabadilisha mpaka leo.

Jana usiku nimemkuta mezani na raba. Anapitia daftari lake la Kiingereza, kila alipoandika "firefighter" anafuta, anaandika lile la mwalimu. Nikamuuliza, "Mwanangu, unafanya nini?" "Baba, sitaki kukosa tena."

Jumatatu narudi na ile karatasi, safari hii kwa mwalimu mkuu. Nataka alama yake irudi, na nataka aambiwe mbele ya darasa kwamba alipata. Walimu wa Kiingereza mliomo humu, kuna mwongozo wowote unaosema "firefighter" ni kosa? Kama upo, uwekeni hapa niusome.