Naomba ushauri: boti ya zamani ya faiba, ubao wa injini umeoza

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu kabla sijalipia boti ya zamani ya faiba ambayo umbo lake nimelipenda kwa dhati. Ganda la nje ni zima, lakini nilipogonga kwa nyundo ndogo sehemu ya tezi (nyuma ya boti) inayobeba injini, upande mmoja ulitoa mlio mkavu na mwingine mlio mzito, na kwenye tundu la skrubu yakachuruzika maji ya kahawia, hivyo naamini plaiwudi iliyofungiwa ndani imeoza. Je, nikate faiba kwa ndani au kwa nje ili niweke plaiwudi mpya? Nami naelekea kutumia gundi ya epoksi badala ya ile ya poliesta, kwa kuwa hushika vizuri zaidi juu ya faiba kuukuu. Sakafu nayo inabonyea kidogo karibu na tangi la mafuta.