Naomba ushauri: kutafsiri hotuba ya mahakamani katika filamu ya Parasakthi

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Ninaandika kwa Kiswahili maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha katika Parasakthi, filamu ya Kitamil (lugha ya kusini mwa India) ya mwaka 1952 iliyoandikwa na M. Karunanidhi na kumtambulisha mwigizaji Sivaji Ganesan kwa mara ya kwanza, ili mama yangu, asiyejua Kitamil wala Kiingereza, aifuatilie mwenyewe bila mimi kumsimulia pembeni.

Nimekwama mahakamani. Gunasekaran, mhusika mkuu anayeigizwa na Sivaji, yumo kizimbani kwa kumshambulia kuhani wa hekalu aliyetaka kumdhalilisha dada yake, Kalyani, mjane ambaye kwa ufukara na kukata tamaa alimtupa mtoto wake mtoni. Hakani kosa. Anakiri, kisha anageuza kila shtaka kuwa swali kwa jamii, kwa Kitamil cha fasaha chenye vina na maneno yanayorudiwarudiwa, huku sauti ikipanda hatua kwa hatua. Nilipoandika kwa Kiswahili cha kawaida, maana ilibaki lakini moto wote ulizimika. Nilipojaribu mizani na vina, sentensi zilirefuka hata picha ikazipita kabla hazijasomeka.

Je, nifuate lugha ya tenzi na kupunguza maneno, au niandike nathari nzito na kubakiza takriri (kule kurudiarudia maneno) peke yake? Mimi naelekea kwenye takriri, kwa kuwa ndiyo inayobeba hasira yake. Aliyewahi kutafsiri tamthilia au hotuba anieleze alichokitoa mhanga kwanza.