Jenereta iliyotumika kwenda Lusaka: nauli ya nani, na nani anaklia mzigo forodhani Nakonde, mpakani upande wa Zambia?

MkaziTabata
Wakuu, salaam. Nauza jenereta ya dizeli ya 60 kVA, used, ina kava lake la kuzuia kelele. Ipo Tabata. Mteja yuko Lusaka na bei tumeshaelewana, ila anataka nimfikishie mpaka mlangoni. Urefu mita 2.3, upana 1.05, kimo 1.5. Dalali ananishauri nichukue cheti cha uasili cha SADC ili mteja asilipe ushuru. Kuna ukweli? Na mlangoni nikubali?

Tunduma_Nakonde
Cheti sahau. Kinatolewa kwa bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama kwa masharti yake. Jenereta iliyoundwa Uingereza au China haiwi ya Tanzania kwa sababu imenguruma Tabata miaka kadhaa. Akija mwingine na hoja ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mkumbushe Tanzania tulishajitoa mwaka 2000. Mteja ajiandae kulipa ushuru wa kawaida pamoja na VAT ya Zambia, asilimia 16, na hiyo VAT inapigwa juu ya thamani ambayo ushuru umeshaongezwa. Amwambie wakala wake ampigie hesabu kabla hajakutumia hela, maana akishtukia mzigo ukiwa mpakani atarudi kwako kuomba punguzo.

Mlangoni kataa. Anayeingiza mzigo Zambia ndiye mwenye TPIN, namba ya mlipakodi ya ZRA (mamlaka ya mapato ya Zambia), na ndiye anayemteua wakala wa Nakonde. Wewe huna TPIN, sasa utakliaje? Uza kwa bei ya Dar, mzigo ukiwa juu ya lori na tangazo la forodha la kuusafirisha nje limekamilika. Nauli amlipe mwenye lori mwenyewe. Iandike hivyo kwenye ankara, tena kwa maneno kamili.

Upande wetu unahitaji wakala wa forodha mwenye leseni ya TRA. Mpe TIN, ankara, orodha ya mzigo na karatasi za umiliki. Hapa ndipo watu wengi wanakwama: jenereta huwa na bamba la seti nzima, bamba la injini na bamba la alternata, na namba hazifanani. Ankara ikibeba namba ya injini halafu tangazo likabeba namba ya seti, afisa akifungua kava anaona vitu viwili tofauti. Andika zote tatu kwenye kila karatasi, piga picha za mabamba na ya mita ya masaa. Picha hizo hizo zitamsaidia mteja kutetea bei ya used, kwa sababu bei ikionekana ndogo mno forodha wanaweza kuikataa na kuipandisha.

FundiMikanda
Naongezea upakiaji, maana karatasi zinaweza kunyooka na mashine ikafika imekufa.

Injini na alternata vimekaa juu ya raba za kuzuia mtetemo. Barabarani raba zinadunda siku nzima, na kinachoumia ni bomba laini la ekzosi na mipira ya rejeta. Gongea vipande vya mbao ngumu kati ya injini na fremu, kila upande, mpaka isicheze ukiisukuma. Vipake rangi nyekundu na ubandike karatasi kwenye swichi: TOA MBAO KABLA YA KUWASHA. Mwaga dizeli yote. Betri toa kabisa, anza na waya wa hasi, isafiri wima kwenye boksi lake.

Forklifti iingie kwenye matundu ya fremu ya chini. Kwa winchi, tumia pete za kunyanyulia. Kamba ikizungushwa kwenye kava itavunja milango. Breki kali husukuma mzigo mbele kwa nguvu ya karibu asilimia 80 ya uzito wake, kwa hiyo fremu ikae imeegemea ukuta wa mbele wa tela au kizuizi cha mbao kilichopigiliwa, halafu mikanda minne ya racheti, miwili ikikatizana mbele na miwili nyuma. Mkanda ufungwe kwenye fremu. Juu ya kava haushiki kitu.

Kwa vipimo vyako ni CBM (mita za ujazo) 3.6, ila kwa chuma kizito mwenye lori ataangalia kilo. Soma bambani, usikisie. Vigwaza, Makambako na Mpemba kote kuna mizani.

Hesabu_Kwanza
Malipo: slipu ya benki kwenye WhatsApp si hela. Subiri iingie kwenye akaunti, na benki yako ndiyo ithibitishe. "Mteja" akituma zaidi ya bei na kukuomba umrushie "msafirishaji wake" kilichozidi, ni utapeli. Yale malipo yatafutwa na chako kitakuwa kimeenda. Kama umesajiliwa VAT, mauzo ya nje ni asilimia sifuri, lakini uwe na ushahidi wa forodha kwamba mzigo ulivuka. Mbane wakala akupe.

MkaziTabata
Shukrani sana wakuu. Mbao za kuweka chini ya jenereta na za vizuizi, naweza kuokota tu hapa gereji?

FundiMikanda
Kwa mzigo unaovuka mpaka chukua mbao zenye muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, na herufi HT, yaani zimepashwa moto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Za gereji zenye magamba na vitundu vya wadudu zinaweza kuzuiwa na ukaguzi wa mimea. Vile vya kugongea ndani kwenye injini tumia plaiwudi iliyopangwa tabaka kadhaa, yenyewe haidaiwi muhuri.