Jetiski ya zamani imeisha nguvu ghafla, wataalamu naombeni msaada

Kidau_Kendwa: Wakuu salaam. Nina jetiski Yamaha XL700 ya 2001, silinda mbili, tustroki, naikodisha kwa wageni huku Kendwa. Tangu wiki iliyopita imeisha nguvu. Ikiwa nchi kavu, nimeiunganishia mpira wa maji, inalia vizuri kabisa, utasema hii leo inaruka. Itie baharini sasa, na mtu mmoja tu mgongoni: inajikokota. Ukiminya mafuta mpaka mwisho inaguna "buuu" na haipandi juu ya maji. Wakikaa wawili ndiyo aibu, jana mgeni kaniuliza kama hii ni ya watoto. Nimeshabadili plagi, betri na oili. Tatizo ni nini? Msimu ndio huu, kila siku inayopita ni hasara.

Nahodha_Mstaafu: Pole mwanangu. Angalia tundu la kunyonyea maji chini ya tumbo, lazima kuna kitu kimenasa. Mie niliwahi kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu, mashine Enduro 40, tukafika katikati ya mkondo ikawa inanguruma na chombo kimesimama. Kumbe kamba ya wakulima wa mwani imejisokota kwenye propela. Na ndani nina bibi harusi! Tukapiga kasia mpaka magharibi, yule mtoto analia, hina yote imeyeyukia kwenye shungi la shangazi yake. Mpaka leo ana watoto wanne na akiniona sokoni hanipi salamu.

Kigoda_Mbele: Nimekaa hapa nasubiri mwendelezo wa bibi harusi.

Spana_14: Mzee wangu, shikamoo, lakini huyu ameshatuambia dalili. Sauti ikipanda juu sana na chombo hakiendi, ugonjwa uko kwenye pampu ya maji: impela (ile feni inayosukuma maji) imelika, au ile pete inayoizunguka imechimbwa na mchanga, au kweli kuna kamba. Sauti yenyewe ikigoma kupanda, ugonjwa uko kwenye injini. Yake inaguna. Mkuu Kidau, geuza ile koki ya mafuta itoke ON iende RES, yaani akiba. Ikichangamka, basi mrija wa ON umeziba na umepona bure. Isipochangamka, fungua kabureta, humo ndani kuna vichujio vidogo kama kucha, vinaziba kwa uchafu wa dumu. Kisha pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Usinunue kitu chochote kabla hujapima.
(Na huo mpira wa maji, natumaini unawasha injini kwanza ndipo unafungulia maji, na unafunga maji kabla ya kuzima. Ukifanya kinyume unayapandisha maji kwenye silinda.)

Mama_Zaytun: Mie sina utaalamu, ila zinapita katikati ya watoto wanaoogelea kama zinafukuzwa. Moja ikifa, ufukwe umepumua.

Kidau_Kendwa: Mama Zaytun, mimi watoto watatu wanakula kwa hiyo jetiski. Mkuu Spana, RES nimejaribu, vilevile. Kabureta fundi kasafisha mara mbili. Kipimo cha kompresheni sina, na sidhani kama tatizo liko huko kwa sababu ukibonyeza mara moja tu inawaka.

Spana_14: Kuwaka si hoja. Mgonjwa anaweza kukaa kitandani na kuitikia salamu, mpe gunia abebe ndipo utamjua. Nje kwenye mpira injini haina mzigo.

Chumvi_ya_Mawe: Hii chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. Jamani someni vizuri: eti amebadili OILI. Tustroki haina oili ya kumwaga ukaweka nyingine, inaungua pamoja na petroli na kutokea kwenye ekzosi. Bwana Kidau, ulifungua nati gani ukaimwaga? Mtu hana jetiski huyu, kapiga picha na ya mgeni. Uzi bila picha sisadiki.

Kigoda_Mbele: Nilishaanza kushtuka kwenye "ya watoto". Mwezi uliopita alikuja mwingine hapa anauza helikopta ya marehemu baba yake, bado nina namba yake ya kutuma nauli.

Tanga_Raha: Nami nilitaka kusema, nikaogopa kuonekana mbaya.

Kidau_Kendwa: Wallahi nikudanganyeni nipate nini? Kubadili oili nimemaanisha nimebadili ile ninayochanganya kwenye petroli. Zamani nilikuwa nanunua ya kopo ya boti, bei imepanda, sasa natia namba 40 ya gari. Ni nzito, naona inalinda zaidi.

Spana_14: Unachanganya? XL700 ina tenki lake la oili na pampu inayopeleka yenyewe. Unachanganya kwa nini?

Spana_14: Mkuu, nakuona upo hewani.

Kidau_Kendwa: Sawa. Mwaka jana fundi aliniambia pampu za oili za Yamaha hizi zinakufa ghafla na kuua injini, bora aitoe nichanganye mwenyewe kama wavuvi. Akaziba matundu. Imefanya kazi miezi tisa bila kelele. Kwa hiyo pampu si tatizo.

Chumvi_ya_Mawe: Unachanganya kwa kipimo gani?

Kidau_Kendwa: Dumu la lita 20, vikombe viwili vya kahawa.

Chumvi_ya_Mawe: Vya kahawa! Vile vya barazani?

Kidau_Kendwa: Ndiyo vile.

Chumvi_ya_Mawe: Naondoa neno chai, hili hakuna mtu anaweza kulitunga. Kikombe kile kikijaa sana ni mililita 70. Viwili 140. Kwa kipimo cha oili moja kwa petroli hamsini, dumu lako linataka mililita 400, na iwe oili ya boti za tustroki, yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo. Wewe unaendesha karibu moja kwa 140, kwa oili ya gari. Pistoni zimekuwa zikisuguana kavu miezi yote hiyo.

Nahodha_Mstaafu: Sisi tulikuwa tunapima kwa kopo la maziwa.

Kidau_Kendwa: Mbona kila mtu ananishambulia? Hata hivyo nimeshapata suluhisho, kuna mtu Dar ana injini kamili ya mtumba, milioni 3 na nusu, nimeshampa 1,800,000. Nilitaka tu mnithibitishie kwamba ni uamuzi mzuri.

Tanga_Raha: Kumbe tulikuwa tunashauri harusi wakati mahari imeshaliwa.

Spana_14: Hiyo ya Dar umeipima kompresheni?

Kidau_Kendwa: Amenitumia video inaunguruma.

Spana_14: Imelala chini kwenye tairi, bila mzigo. Kama yako. Nenda kwa fundi wa bodaboda uazime kipimo, kile chenye ncha ya mpira cha kubana kwenye tundu kinatosha. Toa plagi zote mbili, nyaya zake zifunge kwenye chuma zisiruke cheche, minya mafuta mpaka mwisho, bonyeza stata mpaka mshale ugome kupanda. Andika namba za silinda zote mbili. Kisha tia kijiko kimoja cha oili kwenye ile iliyo chini, pima tena.

Kidau_Kendwa (siku ya pili): Nimepima. Silinda ya mbele 128, ya nyuma 82 (psi). Kwa kijiko cha oili nyuma imepanda 104. Nimefungua kichwa na picha hii hapa, ile mistari ukutani ukipitisha ukucha unakwama.

Spana_14: Oili imeziba upenyo kwa muda ndiyo maana namba imepanda: ni ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Hicho ndicho kilichokuwa kinaguna. Shika kichwa cha pistoni na uisukume juu chini, ikiwa mkono wa kranki hauchezi, hiyo injini yako inachongwa silinda na kuwekwa pistoni za saizi ya juu, huhitaji injini ya mtu. Mwambie wa Dar akupimie yake mbele ya kamera, akikataa dai fedha zako.

Kidau_Kendwa: Nimempigia mara sita. Simu inaita.

Chumvi_ya_Mawe: Ukichonga, rudisha pampu ya oili. Kuifunga ni boliti mbili na mirija. Bado unayo, au fundi aliondoka nayo?

Kidau_Kendwa: Aliondoka nayo.